Kioo cha Mlima Hakina Subira

Jiwe lilipasuka asubuhi, na chai ilikuwa haijapoa mezani mtaa mzima ulipopata habari. Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa muuza vitambaa, mama mnene mwenye moyo mzuri, ambaye watu walimbandika jina la Redio kwa sababu habari ikimwingia haina pa kulala. Basi Redio akatoka na vigelegele mlango kwa mlango. "Limepasuka, jamani! Jiwe limepasuka! Kijana kapona!" Na huyo kijana mwenyewe alikuwa baba mzima wa makamo, kalala chumbani, macho yamegeuka manjano, tumbo limemvimba na miguu imebaki mifupa.

Mtu mmoja tu hakushangilia, naye ni dada wa mgonjwa. Alikuwa wa mwisho kuzaliwa, nyumbani wakamzoea kwa jina la Kitinda, na jina likamganda hadi mvi zimeanza kumchungulia. Alikuwa amesimama jikoni anaangalia sinki. Sufuria lilikuwa bado linafuka mvuke, na bomba la maji lilikuwa linadondosha. Kwenye sinki palikuwa na kipande kidogo sana cha jiwe jeusi, kijisehemu tu kilichobanduka ukingoni. Alipokiokota kikamkata kidole, na bado kilikuwa na joto. Akasema kimya kimya, "Mama, umefanya nini?"

Hapa sharti nikurudishe nyuma kidogo, maana asiyelijua jiwe lile hawezi kuielewa nyumba ile.

Baba yao, Mungu amlaze pema, alikuwa mchonga mawe. Karakana yake ilikuwa uani, na mpaka leo ipo. Katika mawe yote aliyopata kuyashika, hakuna alilolipenda kama lile jeusi linalong'aa, ambalo wao waliliita kioo cha mlima. Likisuguliwa vizuri unajiona uso humo ndani, ila unajiona mweusi na wa mbali. Likivunjika, ukingo wake unakata kuliko wembe. Baba alipenda kuwasimulia wanawe lilikotoka. Zamani, alisema, kabla hajazaliwa babu wa babu wa mtu yeyote, mlima uliugua. Moto uliujaa tumboni, ukavumilia, ukavumilia, mwisho ukatapika. Matapishi yale ya moto yakashuka mteremko mazito kama uji. Mengi yalipoa polepole, yakawa mawe ya kawaida yenye chembechembe. Lakini sehemu nyingine ilikutana na baridi ghafla, ikaganda papo hapo, haikupata hata wasaa wa kuwa jiwe. Ikabaki kioo. "Hiki," alikuwa akisema huku anakigonga kwa ukucha, "ni moto ulionyamazishwa kabla haujamaliza kusema."

Na kwa kuwa ni maumivu ya mlima yaliyoganda, watu wa ukoo ule walishika kwamba jiwe hili linayajua maumivu, na linaweza kuyaita yakatoka mwilini mwa mtu. Kila nyumba ya wachonga mawe ilikuwa na jiwe lake la wagonjwa, la mviringo, lililosuguliwa likalainika, linaloenea kiganjani. Linapashwa joto ndani ya maji ya uvuguvugu, linawekwa panapouma, kisha linalazwa juu ya kitambaa lipoe lenyewe. Ndivyo walivyotibiwa jino, mgongo na majonzi. Ilisemwa pia kwamba ugonjwa ukiwa mkubwa, na jiwe likaunyonya wote, litashindwa kuubeba na litapasuka. Hapo mgonjwa amepona. Hakuna aliyewahi kuliona likipasuka, lakini wote walimjua mtu aliyemjua mtu aliyeliona. Baba alipoulizwa kama anaamini, alicheka tu. "Mimi nachonga. Kuamini ni kazi ya mgonjwa."

Ila kulikuwa na jambo ambalo si la kuamini wala kutoamini, ni la kazi. Kioo cha mlima hakina subira. Kikishapata moto usikipige baridi, kitapasuka. Ndiyo maana msumeno wa karakanani unadondoshewa maji tangu mwanzo wa kukata mpaka mwisho. Fundi akisahau maji, akazinduka jiwe limeshashika moto, anazima mashine, anakaa, anasubiri. Ole wake akimbilie ndoo. Kila mtu pale nyumbani alilijua hilo, hata paka.

Kwa hiyo Kitinda hakuhitaji mtu wa kumweleza. Mama aliona maji ya uvuguvugu hayatoshi, akalichemsha jiwe kabisa, kisha akalitoa na kulifungulia bomba. Uzee tu. Kama ingekuwa jiwe peke yake, angemkumbatia mama yake wakacheka. Lakini kaka yake, ambaye wateja walimwita Taratibu kwa jinsi alivyosugua jiwe moja wiki nzima bila aibu, alikuwa na tarehe ya kurudi hospitali kuu wiki ileile. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia: madaktari wanataka kuamua kama watampasua. Kisha akaongeza kwa mzaha kwamba amepasua mawe maisha yake yote, leo zamu imemfikia. Walicheka.

Na sasa mama alikuwa anatangaza kwamba Taratibu haendi tena hospitali.

"Mama," Kitinda alianza kwa upole, "jiwe lilikuwa la moto ukalifungulia bomba."

Mama hakugeuka. Alikuwa anavifunga vile vipande viwili kwenye kitambaa cheupe. "Jiwe limetoa ugonjwa, mwanangu."

"Mama, mimi ni fundi. Najua jiwe linavyopasuka."

"Na mimi ni mama."

"Basi unamuua mwanao!" Sauti ilimtoka Kitinda hata yeye ikamtisha. "Unamuua kwa mikono yako, na watu wanakupigia vigelegele!"

Neno likishatoka halina mkia ulishike. Mama akakichomeka kitambaa kifuani. Kisha akamimina chai kwenye kikombe, akaweka sukari, akakoroga. "Mpelekee kaka yako," alisema. "Itapoa."

Chumbani Taratibu alikuwa ameketi kitandani. Tangu lini aliketi mwenyewe? Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akamtazama mama aliyeingia nyuma ya Kitinda, akasema, "Mama, tumbo jepesi leo. Hivi hakuna yai?"

Yai! Mtu aliyekuwa anakataa hata maji! Mama alitoka mle ndani mbio, mbio za kweli, na ule mguu wake mbovu. Jikoni wakamsikia anaimba wimbo aliokuwa akiwabembelezea walipokuwa wadogo, na sauti yake haikuwa imesikika ikiimba tangu baba yao azikwe. Taratibu akala yai lote mbele ya mama yake, akalamba na kidole. Kitinda alikuwa amesimama mlangoni anatamani ukuta umfunike.

Siku zilizofuata, nyumba ilikuwa na furaha ya kutisha. Redio alileta supu na wateja wa supu, maana hakuja peke yake hata siku moja. Kila aliyekuja aliomba kuviona vipande, na mama alivifungua kitambaani kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Tarehe ya hospitali ikaja ikapita. Kitinda alijifungia kwenye kazi. Alikuwa anakata mawe ambayo hakuna aliyeyaagiza, anakula jikoni amesimama ili asikae meza moja na mama yake. Mama akimsalimia, anaitikia kwa neno moja na kuondoka. Usiku halali, mchana hatulii. Akisema, anaua furaha. Akinyamaza, anaua mtu. Na anayemzuia asiseme ni mwanamke yuleyule aliyemzaa, ambaye kwa wakati ule alimchukia. Ndiyo, alimchukia, tusipakane mafuta.

Mwisho akaona potelea mbali, na liwe liwalo.

Ilikuwa adhuhuri, mama kaenda sokoni. Taratibu alikuwa karakanani kwenye kigoda cha baba yao, blanketi mabegani, anasugua kipande kipya cha kioo cha mlima juu ya msasa. Alikuwa amesema nyumba haikai bila jiwe la wagonjwa, kwa hiyo anachonga lingine.

"Kaka, nina neno."

"Sema. Ila taratibu, usije ukalipasua."

"Ndilo hilohilo." Akavuta pumzi. "Lile jiwe halikutoa kitu. Mama alilichemsha, akalifungulia maji baridi. Kasahau, kazeeka. Kaka, wewe hujapona. Kesho nakupeleka hospitali, hata kwa kukubeba mgongoni."

Taratibu hakuacha kusugua. "Nani alikufundisha kwamba kioo moto hakipigwi baridi?"

"Wewe."

"Sasa unadhani mwalimu alisahau?" Akatabasamu, meno yakaonekana makubwa katika uso uliokwisha. "Nilikuwa macho asubuhi ile. Nilisikia bomba, kisha nikasikia tak! Sauti ile naijua tangu nina meno ya utoto. Nikasema moyoni, maskini mama yangu, kasahau."

Kitinda alikodoa macho. "Ulijua? Mbona ukaacha tarehe ipite?"

Hapo ndipo Taratibu alipoliweka jiwe chini. "Hawana cha kupasua, mdogo wangu. Waliniambia palepale majibu yalipotoka. Ugonjwa umeenea, umeshafika kila mahali. Ile tarehe ilikuwa ya kuongezewa dawa za maumivu tu. Nilizonazo zinanitosha. Angalia pale." Akaonyesha rafu, kwenye kopo la unga wa kung'arishia. Kitinda akalifungua. Juu ya unga mwekundu palikuwa na kifuko cha nailoni, na ndani yake vidonge.

"Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia mama," Taratibu aliendelea. "Kila nikifungua mdomo, maneno yanarudi. Ndipo asubuhi ile akaingia na vipande mkononi, uso umemng'aa. Umeuona uso wake ule? Ningesemaje? 'Mama, umekosea, umefungua bomba'? Nikaomba yai."

"Ukalila."

"Nikalila. Ulipotoka nikalitapika dirishani, paka akafaidi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika tumbo mpaka kilipopita. "Sikiliza, Kitinda. Atanizika, hilo hakuna jiwe la kulizuia. Lakini siku hizi zilizobaki, acha aimbe. Niahidi. Nikiwa hai, nikiwa nimekufa, asijue kamwe kwamba nilijua."

Kitinda alitaka kusema hapana. Alitaka kuvunja kila kilichokuwa mle ndani. Badala yake akaketi sakafuni kwenye vumbi la mawe, akaegemeza kichwa kwenye goti la kaka yake, goti lisilo na nyama, akalia kama mtoto aliyeachwa njiani.

"Njoo ulilie huku," Taratibu alisema, anamvuta sikio. "Msasa huu unataka maji."

Kitinda akaahidi.

Tangu siku ile alirudi mezani. Alikaa karibu na mama yake, akamchambulia mboga, akamkanda ule mguu mbovu jioni. Hakuweza kuomba radhi, maana angeomba radhi vipi bila kueleza kilichombadilisha? Mama naye hakuuliza. Alikuwa anamtazama tu, kisha anamsogezea bakuli.

Taratibu aliondoka alasiri moja mlangoni mwa karakana, walikomtandikia godoro kwa sababu alipenda mwanga wa pale. Mama alikuwa ameshika nyayo zake, anazisugua zisipoe. Kabla hajafumba macho alisema, "Mama, jiwe lako lilinisaidia." Mama akajibu, "Najua, baba, najua." Kitinda alikuwa pale, akasikia yote, akauma mkono wake ili asipige kelele.

Msibani Redio alilia kuliko wote, maskini, akijilaumu kwa vigelegele vyake. Watu walinong'ona pembeni kuhusu jiwe. Wengine walisema halikupasuka sawasawa, wengine wakasema lilitoa ugonjwa ila siku za mtu zikiisha zimeisha. Mama hakulia, na hilo ndilo lililomtia Kitinda hofu. Alipokea pole, akashukuru, akauliza kama watu wameshapata chakula.

Wageni walipokwisha kutawanyika, Kitinda alirudi karakanani. Alikuwa anafagia pale kaka yake alipokuwa akikaa, mara mama akaingia na kile kitambaa cheupe. Akakifungua mezani, vipande viwili vikalala upande kwa upande, ukingo wa kila kimoja umechongoka. Kitinda akajua kinachokuja. Atauliza alikosea wapi. Na jibu alikuwa ameshaliandaa: hukukosea, mama, jiwe lilifanya kazi yake.

"Uliniambia namuua," mama alisema.

"Mama, nisamehe. Nisamehe, mama."

"Sikuja kwa hilo. Hukuwa unajua." Mama akaketi kwenye kigoda, polepole, anasaidia mguu kwa mkono. "Siku ya majibu kaka yako alikataa nimsindikize. Nikamfuata nyuma. Nilijibanza nje mpaka alipotoka, kisha nikaingia mimi. Nikamwambia daktari, huyo aliyetoka hapa nimemzaa mimi, niambie mimi. Alinitazama kwanza. Kwa kunitazama tu nikawa nimejua."

Kitinda akauegemeza ufagio ukutani.

"Alipofika nyumbani akatuletea ule mzaha wake wa kupasuliwa. Nikaona, kumbe mwenzangu hajaambiwa. Wamemficha. Na kisu alikuwa anakiogopa, usiku namsikia ukutani anahema kwa hofu. Nikajiuliza, nimpe nini mwanangu? Sina dawa, sina uwezo, nina jiwe." Alinyoosha kidole akagusa kipande kimoja. "Miaka yote ile nimeishi na baba yako. Nimemsugua vumbi la mawe mgongoni, nimemfunga vidole kila alipojikata. Wewe ulidhani sijui kioo moto hakipigwi baridi? Nililichemsha makusudi, Kitinda. Nikalitoa kwa kijiko, nikafungua bomba. Nilikuwa nasikiliza mlango kama mwizi. Lilipopasuka nikalia kidogo, nikanawa uso, nikapanga tabasamu, nikaingia kwake."

Nje mtu alipita anaburuta mkokoteni.

"Uliponiambia yale maneno jikoni, nilitaka kukueleza. Nikahofu. Wewe hujui kuficha, uso wako ungemwambia." Mama akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi yalikuwa na maji. "Sasa nataka kitu kimoja tu. Ulikuwa unakaa naye huku, mlikuwa mnazungumza. Niambie kweli, mwanangu, usinionee huruma. Aliamini? Kaka yako alikufa akiamini?"

Kopo la unga wa kung'arishia lilikuwa palepale kwenye rafu, juu kidogo ya kichwa cha mama. Vidonge vichache vilikuwa vimebaki humo. Kitinda aliutazama uso wa mama yake, asitazame kopo.

"Aliamini, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa. Kwani hukumwona alivyokula lile yai?"

"Nilimwona!" Mama alishika mdomo. "Alilamba na kidole."

"Alilamba na kidole."

Ndipo mama akalia. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, hata Redio akachungulia ukutani na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akarudi ndani bila kuuliza. Alipochoka akajishika kifua. "Panauma hapa," alisema. "Panauma, mama yangu."

Kitinda akaenda jikoni, akapasha maji ya uvuguvugu. Akalichukua lile jiwe jipya aliloliacha kaka yake, akalitia humo mpaka likapata joto, akalifuta, akaja kumwekea mama yake kifuani chini ya nguo. Mama akalipapasa kwa vidole.

"Upande huu lina mikwaruzo."

"Hakumaliza."

"Usiumalizie," mama alisema.

Wakakaa hapo karakanani, mkono wa Kitinda juu ya jiwe, mkono wa mama juu ya mkono wa Kitinda, wanangoja lipoe lenyewe.